Nyani Amesingiziwa

Mwaka juzi nilipewa makala ya Kiingereza niitafsiri. Kazi ilikwenda vizuri hadi ukurasa wa nne, mwandishi alipowageukia wasomi wa Kiafrika na kudai kwamba wanachojua ni "to ape" wale waliokuwa mabwana zao. Nikaandika "kuwaiga". Niliporudia kusoma nikaona sentensi imepoa: mwenye makala alikuwa ametema mate, mimi nimetoa taarifa. Nikafuta, nikaandika "kuwaiga kama nyani". Ikakolea.

Jioni nikamsomea shangazi yangu, aliyekuja mjini kutibiwa macho. Yeye amelima mahindi maisha yake yote kandokando ya hifadhi, upande wa Mikumi.

"Nyani anamwiga nani?" akauliza.

Nikamweleza kwamba Waingereza ndivyo wasemavyo: nyani akimwona mtu anafanya jambo, naye hulifanya vilevile bila kujua maana yake.

"Mwanangu, nyani nimewaamia tangu sijaolewa. Nimemwona anaiba. Nimemwona anamjua mwanamke na anamjua mwanamume mwenye fimbo. Kuiga sijamwona. Angekuwa anaiga, si angelima?"

Makala ikakaa mezani wiki nzima, nami nikawa nazunguka na kamusi.

Tuanze na mnyama mwenyewe. "Ape" wa Kiingereza cha leo si nyani. Ni kundi lisilo na mkia: sokwe, gorila, orangutani na giboni. Kiswahili kina majina ya mmoja mmoja, kama mtu anavyowajua majirani zake: nyani mbali, tumbili mbali, ngedere, kima, mbega, sokwe, kila mmoja na tabia yake na mlango wake. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno moja tu, apa, kwa wote, wenye mikia na wasio nayo. "Monkey" aliingia karne ya 16, na mgawanyo wa mikia ukafuata polepole. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema meli za Mfalme Sulemani zilileta "apes", na hapo usitafute mkia; watafsiri wetu walipofika pale wakaweka nyani, yakaisha.

Ndugu za neno hilo wapo kaskazini kote: Affe kwa Wajerumani, aap kwa Waholanzi, api katika lugha ya kale ya Skandinavia. Wapo wanaisimu wanaoona kwamba lilikuwa neno la kuazima, lililosafiri na mnyama mwenyewe mikononi mwa wafanyabiashara, kwa sababu msituni kwao huko hakuwepo. Hata leo, Ulaya nzima, jamii ya kima wanaoishi huru wako Gibraltar peke yake, na hao asili yao ni Afrika Kaskazini. Hawana mkia wa maana, basi Waingereza waliwaita "apes", na jina limewaganda ingawa wataalamu wa wanyama hawalikubali.

Kwa hiyo waliotunga kitenzi hiki walimjua nyani wa namna moja: aliyefungwa mnyororo, akavishwa kikoti, akafundishwa kupiga ngoma sokoni ili watu watupe senti. Kumtazama huyo na kuhitimisha kwamba nyani huiga ni sawa na kumsikia kasuku wa hotelini na kuhitimisha kwamba ndege wote husema "karibu mgeni".

Tuhuma yenyewe ni kongwe kuliko Kiingereza. Waroma walimwita nyani simia, neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake mwenye pua bapa. Lakini kwa Kilatini similis ni "anayefanana", na sikio la binadamu likisikia maneno mawili yanayolandana hulazimisha undugu. Isidore, askofu wa Seville aliyefariki mwaka 636, aliliandika suala hili waziwazi katika kitabu chake cha asili za maneno: wapo wanaodhani simia ametokana na kufanana kwake na akili za watu, akasema, na hilo ni uongo, ametokana na pua. Alikuwa sahihi, na haikusaidia kitu. Zama za Kati zote ziliendelea kuamini kwamba jina la nyani ndiyo hati yake ya mashtaka.

Na ushahidi ulikuwepo, au ulidhaniwa upo. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, anasimulia jinsi wawindaji wa India walivyowanasa. Mwindaji hukaa mahali pa wazi ambapo wanyama wanamwona kutoka mtini, akanawa macho yake kwa maji ya bakuli, kisha akaondoka na kuacha bakuli jingine lenye ulimbo. Mnyama hushuka, naye akanawa. Macho yakiganda, kazi imekwisha. Pliny, mwandishi wa Kiroma, ana habari inayofanana na hiyo, ya mitego inayovaliwa miguuni kama viatu. Sijui kama kuna nyani aliyewahi kunaswa hivyo. Ila hadithi ilikuwa tamu, na kila aliyeandika juu ya wanyama kwa karne nyingi aliinakili kwa mwenzake bila kwenda kutazama. Yaani kwa habari ya uigaji, waandishi waliigana.

Kutoka hapo nyani akapandishwa vyeo vya ajabu. Wanateolojia wakamfanya mfano wa Ibilisi, simia Dei, nyani wa Mungu, kwa kuwa shetani naye hutengeneza ibada za bandia na miujiza ya bandia. Wachoraji wakamchukua upande mwingine. Huko Florence karne ya 14 mwandishi Filippo Villani alimwita mchoraji Stefano nyani wa maumbile, na alikuwa akimsifu: mtu anayechora mkono hadi ukadhani unapumua. Kwa muda, basi, neno lilikuwa na milango miwili, wa tusi na wa sifa. Wa sifa umefungwa kabisa. Mwite mchoraji wa leo nyani uone.

Kiingereza kilipofika kwenye kitenzi kilikuwa kimeshabeba mizigo hii yote. Kwanza walisema "kucheza nyani", karne ya 16. Miaka ya 1630 jina lenyewe likasimama kama kitenzi. Kiingereza hakioni taabu kufanya hivyo. Huchukua mnyama na kumgeuza tendo bila hata kumbadilisha nguo: mbwa ni kumfuata mtu nyuma, mbwamwitu ni kula kwa pupa, kasuku ni kurudia maneno. Kiswahili hakitaki. Huwezi "kunyani" wala "kukasuku". Utasema "kama" na kumtaja mnyama, na hiyo "kama" ina adabu yake, inakiri kwamba unalinganisha tu. Mwingereza akisema ape hakiri. Kwake mnyama na tendo vimeshakuwa kitu kimoja.

Si Mwingereza peke yake. Mjerumani ana nachäffen, Mholanzi na-apen, Mdenmarki efterabe, Mfaransa singer, Mwitaliano scimmiottare, Mpolandi małpować. Japani nako, ambako kima wapo hadi kwenye theluji, kuna sarumane, mwigo wa kima, na halisemwi kwa heshima.

Ndani ya Kiingereza chenyewe kitenzi hiki kina jirani wengi, na mtafsiri asiyewajua atawavuruga. "Imitate" ni wa kawaida, hana hasira. Ukoo wake Kilatini ni mmoja na neno la sanamu na picha. "Mimic" ametoka jukwaani, kwa mimos wa Kigiriki, mwigizaji wa vichekesho, na mpaka leo anafaa kwa sauti na mwendo. "Emulate" ana sifa ndani yake, maana aliyeanza naye alikuwa akishindana ili amfikie mwenziwe au ampite. "Copy" ana historia ya kuchekesha: copia kwa Kilatini ni wingi, neema, ghala iliyojaa, ukinakili kitabu unakizidisha, basi nakala ikaitwa wingi. Tunapokwenda kutoa kopi steshenari tunakwenda kuomba neema. Ape amejitenga na hawa wote. Anadai mambo matatu kwa mpigo: kwamba anayeiga haelewi anachoiga, kwamba anayeigwa yuko juu yake, na kwamba matokeo ni kichekesho. Dai la pili ndilo lenye sumu. Huwezi kum-ape mtu wa chini yako. Mkubwa akivaa kama wadogo, Kiingereza kitatafuta neno jingine, huenda hata likawa la pongezi.

Ndiyo maana neno hili lilipata ajira nzuri sana kwenye makoloni. Mwafrika wa tai na viatu alikuwa tatizo kwa mtawala aliyehubiri ustaarabu huku akiomba usimfikie mtu. Frederick Lugard, mtawala wa kikoloni wa Kiingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1922 kuhusu utawala wa Afrika ya kitropiki, alimtengea Mwafrika aliyejifunza Uzungu fungu lake peke yake, akadai kwamba afya yake imeharibika, mapafu, uzazi hata meno, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni kuvaa mavazi ya Ulaya. Meno yanaozaje kwa sababu ya suruali, hakufafanua.

Mfano ninaoupenda zaidi ni beni. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa miji ya pwani walianza ngoma mpya yenye mwendo wa gwaride, na jina lake tu linakuambia ilikoanzia: bendi. Kulikuwa na sare, vyeo, majenerali na wafalme. Ikateremka hadi Tanganyika, ambako vikundi viwili, Marini na Arinoti, vilishindana mji kwa mji. Vita ya 1914 hadi 1918 ikaibeba pamoja na askari na wapagazi hadi bara kabisa. Wazungu wengi walioitazama waliona tumbili kwenye gwaride. Wengine, hasa wa idara za usalama, walishtuka, wakahisi hapa kuna jeshi la siri. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeiandikia ngoma hiyo kitabu kizima mwaka 1975, alionyesha kwamba walioicheza walikuwa na hesabu zao. Mashindano ya mitaa miwili yalikuwepo pwani kabla ya tarumbeta ya kwanza kushuka melini. Kulisha watu hadi wapinzani waaibike kulikuwepo. Kuzikana na kusaidiana kulikuwepo. Kilichobadilika ni nguo. Walichukua kwa mgeni kile kilichowafaa katika ugomvi wao wenyewe, na mgeni akadhani ugomvi unamhusu yeye.

Baadaye wenye kutukanwa walilichukua neno na kulichunguza. V. S. Naipaul wa Trinidad aliandika riwaya ya watu waigaji mwaka 1967, chungu kama shubiri. Mhakiki Homi Bhabha, mwaka 1984, alisema jambo ambalo beni ingemthibitishia: mwigo unaokaribia kufanana, lakini haufanani kabisa, humtia mtawala kiwewe, kwa sababu unamwonyesha kwamba naye ni mavazi na mwendo tu. Maandishi ya Bhabha ni magumu kuliko inavyostahili, lakini hili amelipata.

Sisi tunamwita nani mtu wa namna hiyo? Hapa nilikaa sana. Nyani wa methali zetu haoni kundule, amekwepa mishale mingi, na kesi ya ngedere hawezi kuiamua kwa haki. Ana kiburi, uzee na upendeleo. Kima wa hadithi ya pwani, ile ya papa aliyetaka moyo wake, anaokoka kwa kusema ameuacha nyumbani juu ya mti. Hadithi ilitoka India zamani na mmisionari Edward Steere akaichapisha katika Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Huyo ni mjanja anayedanganya, wala haigi kitu. Methali tuliyo nayo kuhusu kuiga inamtaja tembo, na anayepasuka msamba ni yule aliyemwiga kunya. Aibu yake ni ya kutojua kipimo chake. Akili yake hatujaigusa.

Tuna limbukeni, kutoka kulimbuka, kuonja mavuno ya kwanza: mtu ambaye kitu ni kipya kwake na hawezi kukificha. Tuna kasumba, ambayo ni afyuni, na tukisema mtu ana kasumba ya ukoloni tunamaanisha amelewa, na mlevi huenda kesho akaamka. Haya si matusi madogo. Lakini tazama yanavyomweka mtu: mmoja ni mgeni wa kitu, mwingine ni mlevi wa kitu. Wote wawili wamebaki watu.

Na kitenzi chetu kikuu, kuiga, kina ndugu ambao sikuwategemea. Vuka mpaka uingie Rwanda au Burundi: kwiga ni kujifunza, kwigisha ni kufundisha. Nenda Kampala: kuyiga ni kujifunza, na mwalimu ni mwenye kuyigiriza. Kwa sikio langu ni neno moja, limegawanyika njiani. Wenzetu wa maziwa makuu walibaki nalo darasani, sisi tukalipeleka uwanjani tukapata kuigiza, maigizo na mwigizaji, na kwa darasa tukatumia kufunza na kujifunza. Mtoto wa Kigali anapomwambia mamaye kwamba anakwenda kwiga, Mswahili aliye jirani anaweza kudhani anakwenda kumfuatisha mtu. Hatakuwa amekosea sana.

Neno jingine lilitujia na jahazi. Hekaya, kisa cha kusimuliwa, ni hikaya ya Kiarabu, na hikaya zamani ilikuwa mwigo. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra aliyefariki karne ya 9, anawataja waigaji wa mitaani walioweza kusema Kiarabu kwa lafudhi ya kila taifa, Wahindi, Wafarsi, Wahabeshi, wakawapita wenyewe. Mmoja wao alisimama kwenye lango la Karkh mjini Baghdad akalia kama punda, na punda wote waliokuwapo, hata mgonjwa na mchovu, wakaitika. Akilia punda wa kweli, hawakujali. Kutoka kwa mtu huyo aliyekusanya vilio vya punda wote katika kilio kimoja, neno likahamia kwa msimuliaji wa visa, na kwetu likafika likiwa limesahau kabisa kwamba liliwahi kulia sokoni.

Swali la shangazi, hata hivyo, halikuwa la maneno. Aliuliza kama nyani huiga, na jambo hilo limepimwa.

Mwaka 1931 nchini Marekani mwanasaikolojia Winthrop Kellogg na mkewe Luella walimchukua sokwe jike mchanga, Gua, wakamlea pamoja na mtoto wao Donald, sahani moja, vazi moja, busu moja. Walitaka kuona sokwe atakuwa mtu kiasi gani. Gua alijifunza mengi, lakini hakutamka neno. Donald ndiye aliyeanza kutoa mguno wa kisokwe alipoona chakula. Baada ya miezi tisa jaribio lilisitishwa.

Jaribio la kuvutia zaidi lilifanyika karibu na kwetu, kisiwani Ngamba, Uganda, kwenye makimbilio ya sokwe yatima ndani ya Ziwa Victoria. Watafiti Victoria Horner na Andrew Whiten walitoa matokeo mwaka 2005. Kulikuwa na sanduku lenye tunda ndani. Mtu anachukua kijiti, anagonga na kuchokoa tundu la juu, kisha anafungua kijilango cha mbele na kulivuta tunda. Sanduku likiwa jeusi, sokwe walifuata hatua zote. Likaletwa jingine lilelile, lakini la plastiki angavu, na sasa ilionekana wazi kwamba tundu la juu halifiki popote. Sokwe wakaachana nalo, wakaenda moja kwa moja mlangoni. Watoto wa Uskoti wa miaka mitatu na minne walipopewa sanduku hilo angavu walichokoa juu kwanza, kwa uaminifu, kila kitu kama alivyofanya mkubwa. Usidhani ni ulegevu wa watoto wa Ulaya: mwaka 2010 ilichapishwa kwamba watoto wa Kisan wa Kalahari nao hufuata vilevile hatua zisizo na kazi.

Sokwe si kwamba haigi kabisa. Huko Mahale, Kigoma, wakitoana kupe na takataka hushikana mikono juu, na wa Gombe, mwendo usio mrefu kutoka hapo, hawana desturi hiyo; hilo liliandikwa mwaka 1978. Huko Chimfunshi, Zambia, jike aliyeitwa Julie alizoea kuchomeka jani la nyasi sikioni, na wanane kati ya kumi na wawili wa kundi lake wakawa wanachomeka nyasi. Walipoondokewa naye, wengine waliendelea. Nyasi sikioni haina faida yoyote inayoonekana. Ni fasheni, basi. Lakini kuchukua mwendo mzima wa mtu, pamoja na sehemu zake za kipuuzi, kwa sababu tu yule amefanya hivyo, hapo bingwa ni binadamu. Aristotle alishalisema katika kitabu chake cha ushairi: mtu amewapita wanyama wengine kwa kuiga, na masomo yake ya kwanza huyapata kwa njia hiyo. Karne ishirini baadaye Kiingereza kikampa sifa hiyo mnyama, kwa hasira.

Kwenye makala nilifuta nyani, nikaandika kwamba wasomi wale wamewafuata mabwana zao kwa ulimbukeni. Mhariri akaipitisha bila swali. Sentensi ilikuwa kali, ila si ukali uleule, na sikutaka uleule.

Asubuhi ya siku shangazi aliyoondoka alikaa kwenye kochi kuweka dawa ya macho. Kwanza hufuta kope kwa upembe wa khanga, huinamisha kichwa nyuma, hudondosha tone, husema "Yarabi", kisha hupiga paja mara mbili kwa uchungu. Mjukuu wake wa miaka mitatu alikuwa chini na kifuniko cha kalamu. Akafuta kope kwa shati. Akainamisha kichwa, akageuza kifuniko kitupu juu ya jicho, akasema "Yarabi", akapiga paja. Mara mbili. Halafu akakiweka kifuniko kando, akanyoosha mkono kuelekea chupa.

Shangazi akainuka, akaiweka juu ya kabati.